Treni imeshapita, geti bado liko chini: nilikosea kusubiri?

Msomaji mmoja, dereva wa basi la abiria la mita 12, ameniandikia hivi: "Mwalimu, juzi nilifika kwenye kivuko cha reli nikakuta taa nyekundu zinamulika na geti limeshuka. Treni ya mizigo ikapita mpaka behewa la mwisho, lakini geti halikuinuka. Nikasubiri kama dakika mbili. Nyuma yangu ni honi tupu, abiria wananung'unika, na madereva wenzangu wawili wakanipita wakazunguka geti wakaenda zao. Hakuna kilichowapata. Mwaka jana mwenzetu alifanya hivyo hivyo, trafiki akamkamata, akapigwa faini na leseni ikazuiliwa, na treni yenyewe haikuwa hata inaonekana. Mimi macho yangu ni mazuri na nina miaka 11 barabarani. Je, dereva mzoefu hawezi kupima mwenyewe kama treni iko mbali? Na adhabu ile ina haki gani kama hakuna aliyeumia?"

Ndugu yangu, hukukosea. Na swali lako la kwanza nalijibu kabla ya mengine yote: hapana, dereva mzoefu hawezi kupima. Mimi mwenyewe siwezi, na kabla sijaanza kufundisha madereva wa magari makubwa nilikaa miaka kadhaa ndani ya kichwa cha treni nikiziangalia barabara kutoka upande ule mwingine.

Tuanze na lile geti. Hukuniambia pale pana njia ngapi za reli. Kama ni mbili, sababu ya kwanza ya geti kubaki chini baada ya behewa la mwisho ni treni ya pili, inayokuja kwa njia ya pembeni, mara nyingi kutoka upande wa pili. Hii ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote kwenye kivuko, kwa sababu treni ya kwanza ndiyo inayoificha ya pili. Mabehewa yake yanakuziba macho, na mngurumo wake unaimeza honi ya ile inayokuja. Dereva anaona mkia wa treni unaondoka, mwili mzima unamwambia kazi imekwisha, mguu unaachia breki. Wale wenzako wawili waliokupita walifanya uamuzi wakiwa na habari nusu. Walipona kwa sababu siku hiyo nusu nyingine haikuwa treni.

Sasa nije kwenye macho. Sina shaka na macho yako. Tatizo ni kwamba jicho la binadamu, hata likiwa zima kabisa, halikuumbwa kupima mwendo wa kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja. Mwanasaikolojia Mmarekani Herschel Leibowitz aliandika juu ya jambo hili mwaka 1985, akilihusisha na vivuko vya reli. Alieleza kuwa vitu vikubwa huonekana kwenda polepole kuliko vidogo vyenye mwendo ule ule. Ukitaka kuamini, simama karibu na uwanja wa ndege. Ndege kubwa inapokuja kutua utaona kana kwamba inaelea, na ndege ndogo itaonekana ina haraka, ilhali ile kubwa kwa kawaida ndiyo yenye kasi zaidi. Treni nayo ni kubwa, tena unaitazama ukiwa karibu na reli, kwa hiyo unachoona ni uso wake tu. Ubavu wake huuoni ukikatiza mbele ya miti na nyumba, na hicho ndicho kipimo ambacho jicho hutumia kukadiria mwendo.

Nikufanyie hesabu ndogo. Treni inayokwenda kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Ikiwa mita 1,000 kutoka ulipo, kichwa chake chenye upana wa mita 3 hivi ni kama nukta. Baada ya sekunde 20 iko mita 500, na machoni pako imeongezeka ukubwa mara mbili tu, kutoka nukta hadi kitu ambacho upana wake bado haujafikia upana wa mwezi mpevu angani. Sekunde 10 zaidi, iko mita 250, imeongezeka tena mara mbili. Sekunde 5 nyingine, iko mita 125. Kwa hiyo ule ukuaji ambao ubongo wako unaungoja ili uamini kwamba kitu hiki kinakuja kwa kasi hutokea katika sekunde chache za mwisho. Kabla ya hapo treni inaonekana kama imesimama. Ndiyo maana walionusurika husema kwa dhati kabisa kwamba treni "ilitokea ghafla", na hawasemi uongo.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa taa moja gizani haikupi umbali wala mwendo. Ndiyo sababu miaka ya 1990 Marekani iliagiza vichwa vya treni viongezewe taa mbili za chini, ili pamoja na ile ya juu zitengeneze pembetatu ambayo jicho linaweza kuiona ikipanuka. Husaidia, lakini hazibadilishi ule ukweli wa mchana.

Lipo jambo jingine ambalo madereva wengi hawaambiwi shuleni. Taa zinapoanza kumulika, treni tayari imeshavuka mahali ambapo ingeweza kusimama. Chukua sheria za Marekani kama mfano: zinataka kivuko chenye taa kitoe onyo la angalau sekunde 20 kabla ya treni kufika, na geti liwe limelala kabisa angalau sekunde 5 kabla. Kwa treni yetu ya kilomita 90 kwa saa, sekunde 20 ni mita 500. Treni ndefu ya mizigo kwa mwendo huo inahitaji kilomita moja na nusu au zaidi ili isimame, hata dereva akivuta breki ya dharura papo hapo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo sana ukilinganisha na tairi juu ya lami. Chuma juu ya chuma hubiringika kwa urahisi, ndiyo maana treni huvuta maelfu ya tani kwa nguvu kidogo, lakini mshiko huo mdogo ndio unaoifanya ishindwe kusimama mbele yako.

Dereva wa treni akiliona basi lako kwenye reli ana mambo mawili ya kufanya, breki na honi. Hana usukani. Baada ya hapo anabaki anatazama. Nimewafahamu watu walioyapitia hayo, wengine wakarudi kazini, wengine hawakuweza tena kupita mahali pale. Nalisema hili kwa sababu wewe ulipongoja zile dakika mbili ulimlinda pia mtu ambaye hukumwona.

Basi, kama huwezi kuipima treni, upime nini? Pima nafasi iliyo ng'ambo ya reli. Hiyo haiji kwa mita 25 kwa sekunde, imetulia pale, na macho yako mazuri yanaitosha. Ningekuwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili: usiingie kwenye reli mpaka uone upande wa pili mahali patakapolimeza gari lako lote, kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma, na bado ibaki nafasi kati ya mkia wako na reli. Kichwa cha treni na mabehewa hutokeza nje ya reli kama mita moja kila upande. Kwa hiyo "tairi zangu zimeshavuka" si kipimo.

Tarehe 25 Oktoba 1995, katika mji wa Fox River Grove, jimbo la Illinois, basi la shule lilivuka reli likasimama kwenye taa nyekundu ya njia panda iliyokuwa mbele kidogo tu. Dereva siku hiyo alikuwa mbadala, si mwenye njia ile. Alisimama vizuri kwenye mstari, kama sheria ya taa inavyotaka. Lakini nafasi kati ya reli na mstari ule ilikuwa fupi kuliko basi lake, na sehemu ya nyuma ikabaki ndani ya njia ya treni. Treni ya haraka ya abiria ikaigonga. Wanafunzi 7 walikufa. Hakuzunguka geti, hakukimbizana na treni, hakuwa mlevi. Hakujua urefu wa gari lake ukilinganisha na nafasi iliyokuwa mbele yake. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba taa za barabarani na mitambo ya reli vilikuwa chini ya mamlaka mbili tofauti ambazo hazikuwa zimepatanisha muda wa vifaa vyao, hivyo taa ya kijani ambayo ingemwezesha kusogea ilikuja kwa kuchelewa mno.

Wewe una mita 12. Ukisimama mita 5 kutoka reli ya kwanza, lazima basi lisafiri karibu mita 20 ndipo mkia uwe salama, na hiyo ni kwa njia moja ya reli. Basi lililojaa, likianza kutoka kusimama, litatumia sekunde 7 au 8 ikiwa kila kitu kinakwenda sawa: hakuna mwendesha baiskeli mbele, gia haijagoma, barabara haipandi. Kitabu cha mafunzo ya madereva wa magari ya biashara cha Marekani kinasema semitrela ya kawaida huhitaji angalau sekunde 14 kuvuka njia moja ya reli, na zaidi ya 15 kwa njia mbili. Weka hizo sekunde 14 kando ya zile 20 za onyo uone kinachobaki. Ndiyo maana katika nchi nyingi basi la abiria na gari la mafuta au kemikali hulazimika kusimama kabla ya kila kivuko hata kama hakuna dalili ya treni, na ndiyo maana ni kosa kubadilisha gia ukiwa juu ya reli. Chagua gia itakayokuvusha moja kwa moja, halafu uende. Japani wameenda mbali zaidi: sheria yao inataka kila gari, hata dogo la familia, lisimame kabla ya kivuko lihakikishe ni salama, isipokuwa pale penye taa ya kijani ya kuruhusu.

Foleni nayo ni adui wa aina yake, kwa sababu inakuingiza kwenye reli taratibu bila wewe kuamua. Gari la mbele linasogea, nawe unasogea, mara unagundua upo juu ya mataruma na mbele pamefunga. Tarehe 3 Februari 2015, huko Valhalla, jimbo la New York, gari moja lilikuwa kwenye foleni ya jioni iliyosababishwa na ajali ya barabara jirani, geti likashuka juu ya sehemu yake ya nyuma. Muda mfupi baadaye gari likasogea mbele, likaingia kwenye njia ya treni. Walikufa watu 6, dereva huyo na abiria 5 waliokuwa ndani ya treni. Soma hiyo namba ya mwisho mara mbili. Wapo wanaodhani kwamba kwenye kivuko dereva hucheza na maisha yake mwenyewe tu.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja ambalo hukulisema waziwazi lakini nimelisikia katika barua yako, nalo ni kwamba mageti mengine yamewazoesha watu kutoyaamini. Hii ni kweli, na haifai sisi walimu kuificha. Vivuko vingi vya zamani hutumia mtambo unaohisi treni ikifika umbali fulani, basi. Tuseme umbali huo umewekwa ili treni ya kilomita 100 kwa saa itoe onyo la sekunde 20. Treni ya mizigo ikija kwa kilomita 20 kwa saa, geti litashuka sekunde 100 kabla haijafika. Ikisimama kabla ya kivuko kufanya kazi zake, geti litakaa chini muda wote huo. Madereva wanaopita pale kila siku wanajifunza, bila mtu kuwafundisha, kwamba geti likishuka bado kuna muda. Halafu siku moja inakuja treni ya kilomita 100 kwa saa, na mazoea yao ni yale yale. Ipo mitambo mipya zaidi inayopima mwendo wa treni na kutoa onyo la muda unaolingana kila mara. Kwa maoni yangu pesa zinazotumika kuiweka ni miongoni mwa pesa zinazotumika vizuri kabisa katika usalama barabarani, kwa sababu zinarudisha imani, na geti lisiloaminiwa ni mti tu uliolala barabarani.

Lakini hata geti likikwama kweli, fahamu linakwama vipi. Mageti hujengwa kwa namna kwamba hitilafu ikitokea yaelekee kushuka. Umeme ukikatika, uzito wa geti unalishusha; reli ikivunjika au waya ukikatika, mtambo unahesabu kwamba treni ipo. Kwa hiyo geti lililokwama chini halikuambii "hakuna treni". Linakuambia "sijui". Na mtambo uliotengenezwa kujua kuliko wewe ukisema haujui, wewe uliye ndani ya kabini yenye vioo vilivyofungwa na abiria wanaopiga kelele utajua kwa njia gani?

Haya, tuje kwa trafiki na leseni ya mwenzenu. Umeuliza haki iko wapi kama hakuna aliyeumia. Nadhani umeliweka kosa mahali pasipo pake. Kosa lake halikuwa kukutana na treni. Lilikuwa kuchukua uamuzi ambao hakuna binadamu mwenye uwezo wa kuufanya vizuri, akiwa na watu nyuma yake. Mtu anayetoka njia ya pembeni akaingia barabara kuu bila kutazama hawi na haki kwa sababu tu barabara ilikuwa tupu. Sheria ikingoja treni ifike ndipo iadhibu, haitakuwa na wa kumwadhibu.

Tazama jinsi kanuni za Marekani kwa madereva wa magari ya biashara zilivyoandikwa, kwa sababu zimeligawa jambo hili vizuri. Zinataja makosa sita ya kivukoni: kutopunguza mwendo na kuangalia kama njia iko wazi, kutosimama kabla ya reli wakati njia haiko wazi, kutosimama kwa yule ambaye sheria inamtaka asimame daima, kuingia bila nafasi ya kutosha ng'ambo, kutotii taa, geti au mtu anayeongoza, na kukwama kwa sababu tumbo la gari liko chini mno. Hakuna hata moja linalotaja ajali. Ukipatikana na hatia mara ya kwanza unasimamishwa kuendesha magari hayo kwa angalau siku 60, ya pili ndani ya miaka 3 ni siku 120, ya tatu ni mwaka mzima. Kwa anayeishi kwa usukani hiyo ni adhabu nzito, na ilikusudiwa iwe nzito. Hapo hapo kanuni zinamgusa mwajiri anayemruhusu au kumlazimisha dereva kuvunja sheria ya kivuko. Sehemu hiyo naipenda kuliko zote. Dereva wa basi hazunguki geti kwa ushetani. Mara nyingi anazunguka kwa sababu kuna mtu ofisini aliyepanga ratiba kana kwamba njia nzima haina reli hata moja. Kama mwenzenu alipigwa faini na aliyepanga ratiba hakuulizwa neno, basi kuna haki iliyotendeka nusu, na hapo niko upande wako.

Je, adhabu inasaidia? Inasaidia pale inapotabirika. Askari anayekaa kivukoni wiki moja kwa mwaka hubadilisha tabia kwa wiki moja. Kamera hazichoki. Los Angeles waliweka kamera kwenye vivuko vya treni yao ya mjini katika miaka ya 1990, na uvunjaji wa geti mahali zilipowekwa ukashuka kwa zaidi ya nusu. Huko Idaho, mwaka 1972, walianza kampeni iliyounganisha elimu, usimamizi wa sheria na matengenezo ya vivuko kwa pamoja. Mwaka wa kwanza vifo vya vivukoni vikapungua kwa asilimia 43, na kampeni ile ikaenea majimbo mengine chini ya jina Operation Lifesaver. Marekani nzima ilikuwa na migongano zaidi ya 9,000 ya vivukoni mwaka 1981. Siku hizi ni takriban 2,000 kwa mwaka. Haikuwa kazi ya faini peke yake. Vivuko vingi vilifungwa, vingine vikawekewa taa na mageti, vingine vikajengewa madaraja. Hata ukingo wa zege katikati ya barabara, unaomzuia dereva asihamie upande wa pili kuzunguka geti, hufanya kazi ambayo askari kumi hawawezi kuifanya usiku kucha. Ningependa kila mkuu wa trafiki aliyechoka kukamata watu kwenye kivuko kile kile aandike barua kuomba ukingo huo kabla hajaongeza doria.

Na askari wanaosoma hapa nawaomba jambo. Mkiongoza magari kwa mkono kwenye njia panda iliyo karibu na reli, geukeni mtazame nyuma. Mkono unaosimamisha foleni mbele ndio unaoweza kulaza basi juu ya reli nyuma. Mamlaka ya askari hayaisimamishi treni. Huko Hixon, Uingereza, tarehe 6 Januari 1968, gari kubwa lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka kivuko cha mageti ya kujiendesha huku likisindikizwa na gari la polisi. Lilikuwa na urefu wa kama mita 45, lilihitaji takriban dakika nzima kuvuka, na onyo la pale lilikuwa la sekunde 24. Palikuwa na simu kivukoni ya kumpigia mwongoza treni na kuomba ruhusa. Hakuna aliyeipiga. Watu 11 walikufa.

Simu hiyo inanileta kwenye sehemu ambayo hukuiuliza, ila siwezi kukuacha uondoke bila kuisikia, maana unabeba watu. Kwanza, kama taa zimeanza kumulika ukiwa tayari umeingia kwenye reli, endelea. Usisimame, usirudi nyuma. Kama geti la mbele limeshuka ukiwa ndani, lisukume kwa bampa upite. Yametengenezwa yavunjike au yapinde, na hakuna mwenye akili atakayekudai geti badala ya abiria 50. Japani hufundisha hivyo hivyo kwa anayejikuta kati ya mageti mawili.

Basi likikwama kabisa, fungua milango na utoe watu wote mara hiyo hiyo, kabla hujajaribu kuwasha tena na kabla ya kumpigia mwenye gari. Mizigo ibaki. Usiwaache wasimame kando ya basi kutazama. Waelekeze watoke kwenye reli kabisa, kisha waende mbali kwa kukata mshazari kuelekea upande ambao treni inatoka. Abiria watashangaa, lakini treni ikiligonga basi italisukuma na kurusha vipande upande inakoelekea, na aliyekimbilia upande huo atakutana navyo. Watu wakishatoka ndipo upige simu. Ukiwa na basi lenye tumbo la chini, angalia pia reli zilizoinuka kama kigongo. Huko Biloxi, Mississippi, tarehe 7 Machi 2017, basi la watalii lilikaa kwa tumbo juu ya kivuko cha namna hiyo, tairi zikakosa mshiko, na treni ya mizigo ikafika kabla wote hawajashuka. Wanne walikufa.

Namba ya kupiga inategemea nchi uliyopo. Marekani kila kivuko kina kibao cha bluu chenye namba ya simu na namba ya kivuko chenyewe. Ukizitaja zote mbili, anayepokea anajua ni wapi na anaweza kuwaonya madereva wa treni kwa redio. Uingereza vivuko vingi vina simu pale pale. Kwingine namba imepakwa rangi kwenye kibanda au nguzo, na kwingine itabidi uiulize ofisi ya reli ya eneo lako. Ni hiyo hiyo ambayo ungeipiga juzi baada ya dakika ya pili, kueleza kwamba geti la mahali fulani halijainuka tangu treni ipite. Ukishaambiwa na mwenye reli kwamba njia ni salama, au mtu wake akafika kukuvusha, hapo unavuka. Ikishindikana kumpata, geuza basi utafute njia nyingine, na abiria wakiuliza waambie ukweli kwamba hujui kama kuna treni.

Kwa hiyo safari yako ijayo, kabla hujafika kivuko kile, egesha mahali salama ushuke. Hesabu njia za reli. Pima kwa hatua nafasi iliyopo kutoka reli ya mwisho hadi njia panda ya mbele, uone kama mita 12 zinaingia. Tafuta namba ilipoandikwa, uiweke kwenye simu yako, na uwape wale wenzako wawili.